LLOYD MATHEWS: OFISA MWANAFUNZI WA MANOWARI ALIYEKUWA WAZIRI WA KWANZA WA ZANZIBAR

Ukiulizwa mawakala wa ukoloni Afrika Mashariki, bila shaka utaanza na wapelelezi, wamisionari na wafanyabiashara. Majibu hayo ni sahihi na yana alama zake. Lakini lipo kundi ambalo watahiniwa wengi hulisahau, nalo ni la maofisa wa jeshi la majini la Uingereza. Mkataba wa 1822 uliokariri kwa jina la Moresby ulibeba jina la kapteni wa manowari. Wasifu huu unamhusu ofisa mwingine wa jeshi hilo. Aliingia melini akiwa mtoto, na alipofariki alikuwa ndiye anayeiendesha serikali ya Zanzibar kwa miaka kumi. Msome kwa makini, kwani maisha yake yanapita katikati ya mada nne za mtihani: kukomeshwa kwa biashara ya utumwa, kugawanywa kwa Afrika Mashariki, upinzani wa wenyeji wa pwani na utawala wa kikoloni.

Utoto na mafunzo melini

Lloyd William Mathews alizaliwa tarehe 7 Machi 1850 huko Funchal, katika kisiwa cha Madeira kilicho chini ya Ureno. Baba yake alikuwa mtu wa Wales. Mwaka 1863, akiwa na miaka 13, aliingia jeshi la majini la Uingereza akiwa kadeti. Huo ni umri wa mwanafunzi wa kidato cha kwanza.

Hapa Arusha tunawafahamu maofisa wanafunzi wa chuo cha kijeshi cha Monduli, na huenda umewaona wakitunukiwa kamisheni kwenye televisheni. Hao ni watu wazima waliokwisha kumaliza shule. Uingereza ya karne ya 19 iliona tofauti. Iliamini kwamba ofisa wa majini lazima achukuliwe akiwa mdogo, kabla hajazoea maisha ya nchi kavu, ili meli iwe nyumba yake na shule yake. Wala si mtoto yeyote aliyechukuliwa. Ilihitajika familia yenye uwezo na yenye watu wa kuipendekeza. Mtoto wa mvuvi au wa kibarua wa kiwandani aliingia melini akiwa baharia mdogo, na kwa kawaida alibaki baharia mpaka anazeeka.

Wakati huo makadeti walianzia katika meli kuukuu iliyoitwa Britannia, iliyotia nanga Dartmouth kuanzia mwaka 1863 na kugeuzwa kuwa shule. Walifundishwa hesabu, kusoma ramani za bahari, kamba na matanga. Baada ya hapo walipelekwa katika manowari zenyewe. Mathews alipanda kuwa ofisa mwanafunzi kamili mwezi Septemba 1866, akiwa na miaka 16.

Je, ofisa mwanafunzi alikuwa na kazi gani hasa? Hili ni eneo ambalo wanafunzi hulielewa vibaya. Wengine hudhani alikuwa mtumishi wa maofisa, wengine hudhani alikuwa kama mwanafunzi wa darasani tu. Ukweli uko katikati. Alishika zamu pamoja na luteni, kwa kawaida ya saa nne, usiku au mchana, mvua ikinyesha au jua likiwaka. Alipeleka amri kutoka kwa luteni hadi kwa mabaharia walio juu ya milingoti, na mara nyingi alipanda mwenyewe kusimamia ukunjaji wa matanga. Adhuhuri alisimama na wenzake sitahani kupima kimo cha jua kwa kifaa maalumu, kisha akapiga hesabu ya mahali meli ilipo. Kila siku aliandika daftari la safari na kuchora ramani za pwani walizopita, na kapteni alilikagua. Katikati ya kazi hizo alikuwa na vipindi vya masomo na mwalimu aliyesafiri nao, kwa sababu mbele yake ulikuwepo mtihani wa kupanda cheo. Akianguka, alibaki hapo hapo huku wenzake wakipanda. Hilo naamini huhitaji kuelezwa sana.

Kazi kubwa kuliko zote ilikuwa kuongoza mashua. Manowari kubwa haiwezi kuingia kwenye vijito vya mikoko wala kupita juu ya miamba. Kila ilipohitajika kufika ufukweni, kukagua chombo au kupeleka askari, ilishushwa mashua, na aliyekaa nyuma yake kushika usukani na kutoa amri mara nyingi alikuwa kijana wa miaka 16 au 17. Mbele yake waliketi wanaume wenye ndevu, wengine wakiwa baharini kabla yeye hajazaliwa, na wote walimtii. Bado hakuwa na kamisheni, wala hakuwa na mamlaka yake mwenyewe. Alitumia mamlaka aliyoazimwa na kapteni, na kapteni naye aliazimwa na serikali ya London. Shika neno hilo la mamlaka ya kuazima, kwa kuwa ndilo litakalokusaidia kumwelewa Mathews katika kila hatua inayofuata.

Mfano wa Mombasa, 1824

Pwani yetu iliwahi kumjua kijana wa namna hiyo miaka mingi kabla ya Mathews. Mwezi Februari 1824 Kapteni William Owen alifika Mombasa na manowari yake, Leven. Akina Mazrui waliotawala mji huo walikuwa wakiogopa kuvamiwa na Seyyid Said wa Oman, hivyo wakaomba ulinzi wa Waingereza. Owen alikubali bila kusubiri ruhusa ya serikali yake, akamwacha Luteni John Reitz kuwa msimamizi, pamoja na ofisa mwanafunzi aitwaye George Phillips na watu wachache sana. Miezi michache baadaye, mwezi Mei, Reitz alifariki kwa homa akiwa katika safari ya kuuchunguza Mto Pangani, mto uleule unaopokea maji ya Meru na Kilimanjaro kupitia Kikuletwa. Basi Mombasa ikabaki mikononi mwa Phillips. Mpaka Luteni James Emery alipowasili mwezi Agosti, ofisa mwanafunzi ambaye hata kamisheni hakuwa nayo ndiye aliyeuwakilisha Ufalme wa Uingereza katika mji wenye ngome, wafanyabiashara na siasa zake za karne nyingi. Serikali ya London haikuukubali ulinzi huo, na mwaka 1826 Waingereza waliondoka.

Phillips hakufanya makubwa ya kuingia vitabuni. Ninamtaja kwa sababu anaonyesha kwamba kumpa kijana wa majini mji wa watu wengine auangalie halikuwa jambo la ajabu kwa Waingereza. Ndivyo walivyomfundisha tangu siku ya kwanza alipoketi nyuma ya mashua.

HMS London na doria ya Pemba

Tumrudie Mathews. Kuanzia 1868 alitumikia bahari ya Mediterania, kisha akapigana katika vita vya Waingereza dhidi ya Waashanti mwaka 1873 hadi 1874, katika nchi ambayo leo ni Ghana. Mwaka huo wa 1874 alipata cheo cha luteni. Mwezi Agosti 1875 akapangiwa HMS London, na hapo ndipo historia yake inapoungana na yetu.

Mwaka 1873 Sultani Barghash bin Said alikuwa amelazimishwa kutia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa la Zanzibar na kuzuia usafirishaji wa watumwa baharini. Mkataba ulikuwa karatasi. Mashamba ya mikarafuu ya Pemba bado yalihitaji vibarua, na kutoka Pangani hadi Pemba ni mwendo wa usiku mmoja kwa jahazi lenye upepo mzuri. Kwa hiyo mwaka 1874 Waingereza walileta HMS London, meli kubwa ya zamani iliyowahi kupigana Sevastopol, wakaitia nanga mbele ya mji wa Zanzibar. Yenyewe ilikaa palepale. Zilizofanya kazi ni mashua zake. Ziliondoka kwa siku nyingi, hata majuma kadhaa, zikijificha kwenye vijito vya Pemba na kuvizia majahazi. Kila moja iliongozwa na luteni au ofisa kijana mwenye mabaharia wachache na mkalimani. Mathews alisifiwa na wakubwa wake kwa kazi hii.

Mtahiniwa, uwe mwangalifu hapa. Usiandike kwamba doria hizo zilikuwa za huruma tupu, na usiandike pia kwamba zilikuwa za hila tupu. Watu wengi waliokolewa kweli kutoka majahazini. Lakini mabaharia walilipwa zawadi ya fedha kwa kila chombo kilichokamatwa na kuthibitishwa kuwa cha watumwa, na yapo majahazi ya wafanyabiashara halali yaliyochomwa moto kwa makosa. Vilevile doria ziliwafundisha Waingereza kila bandari, kila kijito na kila mtu mwenye nguvu katika pwani hii. Maarifa hayo hayakupotea.

Jeshi la Sultani

Mwezi Agosti 1877 Mathews aliazimwa kwa Sultani Barghash ili amtengenezee jeshi la mtindo wa Ulaya. Aliyesukuma mpango huo ni mwakilishi wa Uingereza, John Kirk, na serikali ya Uingereza ilitoa bunduki 500 kuwa zawadi. Zamani askari wa Sultani walikuwa Waarabu na Waajemi. Mathews akafungua milango kwa Waafrika, wakiwemo watu walioachiwa kutoka utumwani, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa na askari 300 wenye sare. Baadaye walifika zaidi ya 1,000. Mwaka 1881 alistaafu katika jeshi la majini la Uingereza, akawa brigedia jenerali wa Sultani. Alikuwa na miaka 31.

Desemba mwaka huohuo, nahodha wa HMS London, Kapteni Charles Brownrigg, aliuawa karibu na Pemba alipolisogelea jahazi lililopeperusha bendera ya Ufaransa. Kiongozi wa jahazi hilo aliitwa Hindi bin Hattam. Mathews alikwenda Pemba na askari wake, akapambana naye na kumkamata, na Hindi akafa kwa majeraha. Tazama mpangilio wa tukio hilo: ofisa Mwingereza ameuawa, na anayelipiza ni jeshi la Sultani linalolipwa kwa hazina ya Sultani, likiongozwa na Mwingereza aliyetoka katika meli ya marehemu.

Kilimanjaro, 1885

Wanafunzi wangu wa hapa Sombetini hupenda sehemu hii, na wengine wana ndugu Moshi, hivyo huanza kubishana kabla sijamaliza. Mwishoni mwa 1884 Karl Peters alikuwa amezunguka Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami akikusanya mikataba ya hila. Mwezi Februari 1885 serikali ya Ujerumani ikatangaza ulinzi juu ya sehemu hizo. Barghash alikataa katakata. Kwa maoni yake nchi hizo zilikuwa zake, au angalau njia za biashara zilizopita humo zilikuwa zake. Akamtuma Mathews kwenda Kilimanjaro kupandisha bendera ya Zanzibar.

Mathews alifika, akakutana na Mangi Rindi wa Moshi, ambaye vitabu vingi humwita Mandara, pamoja na machifu wengine wa Uchagga na wa Taveta. Wakakiri kuwa chini ya Sultani na kupokea bendera yake. Siku chache tu baadaye akaja Mjerumani Karl Jühlke, mwenzake Peters, naye akapata mkataba wake kwa Mandara huyohuyo. Mwaka mmoja nyuma, Mwingereza Harry Johnston alikuwa amepita hapohapo akitafuta mikataba pia. Usimcheke Mandara ukidhani hakujua afanyalo. Alikuwa na maadui milimani, wakiwemo majirani wa Kibosho, na kila mgeni mwenye bunduki na zawadi alikuwa rafiki wa kumtumia. Kosa lisilokuwa lake ni kwamba Ulaya karatasi ilihesabiwa kuliko urafiki.

Kilichoamua hatima ya Kilimanjaro hakikuwa mlimani. Serikali ya London ilihitaji urafiki wa Ujerumani katika mambo mengine, ikamwagiza Kirk asiwapinge Wajerumani. Mwezi Agosti 1885 manowari za Ujerumani zilitia nanga mbele ya ikulu ya Barghash, na Sultani akasalimu amri. Makubaliano ya mwaka 1886 kati ya Uingereza na Ujerumani yalimwachia Sultani visiwa na ukanda wa pwani wa maili kumi, na mpaka ukapita kaskazini ya Kilimanjaro. Ndivyo mlima mrefu unaouona mashariki ya Arusha asubuhi isiyo na mawingu, pamoja na Meru yetu, ulivyoingia katika eneo la Wajerumani. Kazi ya Mathews ilifutwa na nchi yake mwenyewe. Hakuna dalili kwamba alifikiria kuasi. Mwenye mamlaka ya kuazima hurudisha anapodaiwa.

Miaka mitatu baadaye pwani yenyewe ilikodishwa kwa kampuni ya Wajerumani. Vita vya Abushiri vilipoanza kuchemka Pangani, Septemba 1888, Sultani Khalifa alimtuma Mathews kutuliza mji. Aliwatoa Wajerumani waliokuwa wamezuiliwa, lakini watu wa Pangani hawakumtaka hata yeye, akalazimika kurudi Zanzibar. Kwao, jenerali wa Sultani na maofisa wa kampuni walikuwa wamefanana. Nadhani hawakukosea sana.

Waziri wa Kwanza

Mkataba wa Heligoland wa 1890 uliifanya Zanzibar kuwa chini ya ulinzi wa Uingereza. Oktoba 1891 ikaundwa serikali mpya yenye cheo kipya, Waziri wa Kwanza, na aliyepewa ni Mathews. Sifa ya cheo hicho uikariri, kwani ndiyo yenye alama: Sultani hakuweza kumfukuza. Hazina, forodha, bandari, jeshi na kazi za umma zikasimamiwa na Wazungu chini yake, na Sultani mwenyewe akawekewa posho maalumu. Mwaka 1894 akatunukiwa heshima ya kuitwa Sir. Watalii wanaokwenda leo Kisiwa cha Changuu kuangalia kobe huonyeshwa jengo lililojengwa wakati wake ili liwe gereza, ingawa lilitumika zaidi kuwatenga wasafiri wenye maradhi ya kuambukiza.

Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla. Khalid bin Barghash akaingia ikulu na kujitangaza Sultani bila idhini ya Waingereza. Soma jina la baba yake tena. Khalid alikuwa mtoto wa Barghash, Sultani yuleyule aliyempa Mathews jeshi mwaka 1877. Mathews na mwakilishi wa Uingereza, Basil Cave, walimtaka aondoke, naye akakataa. Asubuhi ya tarehe 27 Agosti, saa tatu na dakika mbili, manowari za Admirali Harry Rawson zilianza kuipiga ikulu. Vita vilichukua takriban dakika 40. Baadhi ya vitabu huandika 38, na ukiandika hivyo hutakosea. Upande wa Khalid watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza aliumia baharia mmoja. Meli ya Sultani, Glasgow, iliyoundwa enzi za Barghash, ilizama pale bandarini. Na kati ya askari waliosimama nchi kavu kuwasaidia Waingereza, wapatao 900 walikuwa wa jeshi la Zanzibar, jeshi ambalo Mathews alilianzisha kwa ajili ya Barghash.

Hamoud bin Mohammed akawekwa kuwa Sultani. Tarehe 6 Aprili 1897 akatia saini amri ya kuondoa hadhi ya utumwa kisheria katika Unguja na Pemba. Wenye watumwa waliahidiwa fidia. Mtumwa mwenyewe ilimbidi aende kuomba uhuru wake, na masuria hawakuhusishwa hadi 1909. Mathews alisimamia amri hiyo taratibu, akihofia mashamba ya mikarafuu kukosa vibarua na serikali kukosa mapato. Luteni aliyekuwa akiyafukuza majahazi usiku sasa alikuwa waziri mwenye kuhesabu gunia za karafuu. Ukiulizwa kwa nini utumwa ulichelewa kwisha Zanzibar, mfano huu ni bora kuliko maelezo marefu.

Mathews alifariki kwa malaria mjini Zanzibar tarehe 11 Oktoba 1901, akiwa na miaka 51, akazikwa kwa heshima za kijeshi. Cheo chake akapewa Alexander Rogers. Mwaka uliofuata Sultani Hamoud naye alifariki, na mrithi wake, Ali bin Hamud, alikuwa bado kijana, hivyo Waziri wa Kwanza akashika pia madaraka ya Sultani hadi mwaka 1905.

Maswali ya kujipima

Eleza kazi nne za ofisa mwanafunzi katika manowari ya karne ya 19, kisha onyesha jinsi mbili kati ya hizo zilivyotumika katika doria ya Pemba. Kwa kutumia matukio ya 1885 na 1896, jadili iwapo Lloyd Mathews alikuwa mtumishi wa Sultani au wakala wa Uingereza. Je, unadhani watu wa Pangani walikuwa na sababu gani za kumkataa Mathews mwaka 1888, ilhali alikuja na bendera ya Sultani wao?